Joseph Kasa-Vubu: kutoka komini ya Dendale hadi uraisi wa inchi

Kabla ya kuwa raisi wa kwanza wa Jamuhuri, Joseph Kasa-Vubu alikuwa burgumestri, yaani mkubwa wa komini moja ya watu wa hali ya chini katika mji wa Léopoldville, leo Kinshasa. Komini hiyo iliitwa Dendale. Leo inaitwa Kasa-Vubu. Wengi wanaopita pale kila siku hawajui kwamba njia ya uhuru wa Congo ilipitia ofisi ile ndogo, na kwamba mtu aliyeingia ndani yake mwaka wa 1958 hakuwa na jeshi, hakuwa na mali nyingi, wala hakuwa msemaji wa kelele. Alikuwa na watu waliojipanga mtaa kwa mtaa.

Historia hiyo imepata maana mpya tangu tarehe 20 Desemba 2023. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, wapiga kura wa Congo walichagua pia washauri wa komini, ijapokuwa si kila mahali, na wakaaji wa Masisi na Rutshuru hawakuweza kupiga kura hata moja kwa sababu ya vita. Kwa raia wengi, kiti cha komini ni kitu kidogo kisichostahili kupoteza wakati. Maisha ya Kasa-Vubu yanaonyesha kitu kingine.

Mtoto wa Mayombe

Kasa-Vubu alizaliwa katika kijiji cha Kuma-Dizi, katika inchi ya Mayombe, upande wa magharibi kabisa wa Congo, karibu na Cabinda. Vitabu havipatani kuhusu mwaka wa kuzaliwa kwake, lakini inajulikana kwamba alibatizwa mwaka wa 1925 na mapadri wa Scheut, waliokuwa na misioni katika eneo hilo. Mapadri hao ndio waliomsomesha. Alianza seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha akatumwa mbali sana na kwao, hadi Kabwe katika Kasai, kusoma filozofia ili awe padri.

Hakufika mwisho. Mwaka wa 1939 aliondolewa katika seminari kabla ya kupata upadri. Kwa kijana wa wakati ule lilikuwa pigo kubwa, kwani upadri ulikuwa karibu njia pekee ya Mwafrika kufika kwenye masomo ya juu. Vyuo vikuu havikuwepo katika Congo. Alirudi Mayombe, akawa mwalimu, akamwoa Hortense Ngoma mwaka wa 1941, akafanya kazi pia katika kampuni ya miti. Mwaka wa 1942 alihamia Léopoldville na kuingia katika ofisi ya serikali ya koloni upande wa fedha.

Huko alikaa karibu miaka 15 kama karani. Alipanda hatua kwa hatua hadi cheo cha karani mkubwa, cheo cha mwisho ambacho Mcongomani aliweza kupata. Juu yake kulikuwa Wazungu tu, hata wale waliokuwa na masomo kidogo kuliko yeye. Mshahara haukulingana na wa Mzungu. Jioni kila mmoja alirudi upande wake: Wazungu katika mitaa yao ya miti na bustani, na Waafrika katika mitaa yao ya watu wengi, ambayo ndiyo baadaye ilifanywa komini.

Kazi ya ukarani ilimfundisha mambo mawili. Kwanza, jinsi serikali ya koloni ilivyotembea kwa karatasi, barua na sheria. Pili, uvumilivu. Waliomfahamu walimweleza kama mtu wa maneno machache, mwenye adabu, anayekawia kujibu, lakini akisha kuamua jambo, ni vigumu kumtoa hapo.

Shirika la luga lageuka kuwa chama

Wakati ule vyama vya siasa vilikuwa vimekatazwa kwa Wacongomani. Vilivyoruhusiwa ni mashirika ya waliosoma shule moja, mashirika ya watu wa kabila moja, na vikundi vya kusaidiana katika matanga na magonjwa. Serikali iliona kwamba hayo hayana hatari. Ni ndani ya mashirika hayo ndipo siasa ya Congo ilizaliwa.

Kasa-Vubu alianzia katika shirika la waliosoma kwa mapadri wa Scheut. Mwaka wa 1946 alisimama mbele ya wasomi wenzake katika shirika la UNISCO na kueleza kwamba udongo wa Congo ni wa wale waliokaa juu yake kwanza. Hakutukana mtu. Alitumia fikra ya sheria tu. Lakini viongozi wa koloni walielewa vizuri mahali ambapo fikra hiyo inaelekea, na tangu siku hiyo jina lake liliandikwa miongoni mwa watu wa kuangaliwa.

Mwaka wa 1950, Edmond Nzeza-Nlandu alianzisha ABAKO, shirika la Wakongo, kwa lengo la kulinda na kueneza luga ya Kikongo. Wakongo walikuwa wengi Léopoldville, lakini walilalamika kwamba Kilingala kimeshika barabara, soko na jeshi. Mwezi wa Machi 1954, Kasa-Vubu alichaguliwa kuwa mkubwa wa shirika hilo. Chini ya mikono yake, mikutano ya luga na mila ilianza kuzungumzia mishahara, nyumba, na haki ya raia kuchagua wakubwa wake.

Mwaka wa 1956 siri ilitoka mbele ya watu. Mwezi wa Julai, kundi la vijana wasomi wa gazeti la Conscience Africaine lilitoa tangazo likikubali mpango wa Mbelgiji Van Bilsen, aliyependekeza kuiongoza Congo kuelekea uhuru kwa muda wa miaka 30. Tangazo hilo lilionekana la ujasiri. Lakini tarehe 23 Agosti, ABAKO ilisoma jibu lake mbele ya watu: hakuna sababu ya kungojea miaka 30, haki zitolewe sasa, na vyama vya siasa viruhusiwe. Kwa usiku mmoja, shirika la luga lilikuwa limekwenda mbele ya wote.

Kura ya Desemba 1957

Serikali ya Ubelgiji iliona kwamba lazima ifungue mlango kidogo. Mwezi wa Machi 1957 ilitoa amri juu ya miji. Miji mikubwa ingegawanywa katika komini, kila komini ingekuwa na baraza lake na burgumestri wake. Wanaume wenye miaka 25 na zaidi wangepiga kura. Wanawake hawakuwa na haki hiyo. Hata jina la uchaguzi halikutumiwa rasmi; Wabelgiji walisema ni kuomba maoni ya watu tu, kwa sababu neno la mwisho la kumweka burgumestri lilibaki kwa serikali. Na juu ya maburgumestri wote wa mji kulikuwa burgumestri wa kwanza, Mzungu aliyewekwa na koloni.

Kwa mtu wa haraka, hicho kilikuwa kiti kisicho na nguvu: kuandika watoto waliozaliwa na waliokufa, kuangalia usafi na soko, kutunza franka chache za komini. Baadhi ya wasomi walidharau. Kasa-Vubu na wenzake hawakudharau. Waliona kwamba, kwa mara ya kwanza, Mcongomani atasimama akisema kwamba amechaguliwa na watu, wala si Mzungu aliyemteua.

Kampeni yao haikuwa ya mabango na magari. ABAKO haikuruhusiwa hata kujiita chama. Lakini ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: sehemu zake katika mitaa, wanamemba waliolipa mchango, vikundi vya watu wa eneo moja, vikundi vya waliosoma pamoja, na gazeti la Kikongo lililopita mkono kwa mkono na kusomwa kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma. Habari iliyotolewa katika mkutano mmoja ilienea katika viwanja vya nyumba, kwenye matanga na mbele ya kanisa. Watu walijua majina ya watetezi wao kabla ya siku ya kura.

Upande wa pili, watu waliotoka juu ya mto, walioitwa kwa jumla Bangala, hawakuwa kabila moja wala shirika moja. Walikuwa na watu wenye sifa, lakini kura zao zilitawanyika juu ya majina mengi. Matokeo yalionyesha bei ya kutojipanga. Wakongo hawakuwa na nusu ya kura zote za Waafrika wa Léopoldville, lakini walipata zaidi ya robo tatu ya viti 170 vya mabaraza. Maburgumestri wengi wa komini za Waafrika wakatoka ABAKO: Gaston Diomi huko Ngiri-Ngiri, Arthur Pinzi huko Kalamu, na Kasa-Vubu huko Dendale.

Mwezi uo huo Katanga pia ilipiga kura, na huko somo lilikuwa lingine. Katika Élisabethville, leo Lubumbashi, maburgumestri wanne waliochaguliwa hawakuwa wenyeji wa Katanga hata mmoja. Watatu walitoka Kasai na mmoja alikuwa Mkusu wa Kivu. Hasira ya wenyeji ilikuwa moja kati ya sababu za kuzaliwa kwa Conakat mwaka wa 1958, chama ambacho baadaye Moïse Tshombe alikiongoza kuelekea kujitenga. Kura zilezile za komini zilizofungua mlango wa uhuru zilifungua pia mlango wa ugomvi wa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Mlango huo haujafungwa hadi leo.

Siku ya kuapa

Tarehe 20 Aprili 1958, Kasa-Vubu aliingia rasmi katika kazi yake ya burgumestri wa Dendale. Desturi ilikuwa kwamba mkubwa mpya anashukuru serikali, anaahidi kushirikiana, kisha watu wanakula na kunywa. Kasa-Vubu alishukuru kidogo. Baada ya hapo alieleza kwamba demokrasia haiwezi kuishia katika komini. Aliomba uchaguzi katika inchi nzima, aliomba Congo ijiongoze yenyewe, aliomba watu wake watambuliwe kuwa taifa, na Wacongomani wapewe nafasi katika polisi na katika kazi za juu za serikali.

Viongozi wa koloni walikasirika na kumtolea onyo la maandishi. Hawakuweza kufanya zaidi. Kumwondoa burgumestri aliyechaguliwa, miezi michache tu baada ya kura, kungeonyesha dunia nzima kwamba kura ile ilikuwa mchezo. Ndiyo faida ya kiti kile kidogo: kilimpa mahali pa kusimama na kusema, na kilimkinga kwa muda.

Miezi iliyofuata, jina lake lilipita mipaka ya Dendale. Watu walianza kumwita Mfalme Kasa. Maneno yake yalifika Matadi, Thysville, Boma na vijiji vya Bas-Congo, ambako wakaaji walianza kukataa amri za wakubwa wa koloni.

Januari 1959

Mwisho wa mwaka wa 1958, viongozi wa Afrika walikutana Accra, Ghana. Kasa-Vubu alitaka kwenda, lakini alizuiwa kwa sababu ya karatasi za chanjo. Patrice Lumumba, aliyekuwa ameanzisha MNC mwezi wa Oktoba, alikwenda pamoja na Gaston Diomi na Joseph Ngalula. Aliporudi, Lumumba alifanya mkutano mkubwa Kalamu, tarehe 28 Desemba, akizungumzia uhuru mbele ya maelfu ya watu.

ABAKO haikutaka kuachwa nyuma. Iliita mkutano wake siku ya Yenga, tarehe 4 Januari 1959, katika uwanja wa YMCA, Kalamu. Burgumestri wa kwanza wa mji, Jean Tordeur, aliandika kwamba ikiwa mkutano ni wa siasa, walioupanga watajibu mbele ya sheria. Viongozi wa ABAKO waliamua kuahirisha, lakini watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Kasa-Vubu alifika, akawaomba warudi nyumbani kwa amani. Hawakumsikiliza. Polisi waliingia, mawe yakarushwa, risasi zikapigwa. Wakati huohuo maelfu ya wapenzi wa mpira walikuwa wakitoka katika uwanja wa Baudouin, leo Tata Raphaël. Wakaungana na wengine. Maduka ya Wazungu na Wareno, makanisa na shule vilishambuliwa. Jeshi la Force Publique lilitumwa na fujo ilidumu siku kadhaa.

Serikali ilihesabu karibu wafu 50, wote Wacongomani. Watu wa Léopoldville daima walisema ni wengi zaidi. Tangu uhuru, tarehe 4 Januari ni siku ya kuwakumbuka mashahidi katika inchi nzima.

Kasa-Vubu alikamatwa na kufungwa pamoja na wenzake. ABAKO ilivunjwa kwa amri. Lakini tarehe 13 Januari, akiwa bado gerezani, Mfalme Baudouin alitangaza kupitia redio kwamba Ubelgiji itaipeleka Congo kwenye uhuru. Kitu ambacho wasomi waliambiwa wangojee miaka 30 kilikuwa kimekubaliwa. Mwezi wa Machi, Kasa-Vubu alifunguliwa bila kuhukumiwa na kupelekwa Ubelgiji. Alirudi mwezi wa Mei. Mwezi wa Desemba 1959, uchaguzi mwingine wa mabaraza ulipofanywa, ABAKO iliwaomba watu wake wasipige kura, na katika Bas-Congo vyumba vya kura vilibaki karibu vitupu. Katika Stanleyville, leo Kisangani, watu walijitokeza na MNC ya Lumumba ikashinda. Chama kimoja kilionyesha nguvu yake kwa kupiga kura, kingine kwa kukaa nyumbani.

Nguvu na mpaka wake

Katika uchaguzi wa Mei 1960, ABAKO ilipata viti 12 tu kati ya 137 vya Bunge. Karibu vyote vilitoka Léopoldville na Bas-Congo. Hapo ndipo ulipoonekana mpaka wa mpango ulioshinda mwaka wa 1957. Shirika lililojengwa juu ya luga moja na eneo moja lilikuwa imara kama ukuta nyumbani kwake, lakini halikuwa na mtu Bukavu, Kindu wala Goma. Lumumba, aliyejaribu kujenga chama cha inchi nzima, alipata viti vingi kuliko wengine wote, lakini hakufikia nusu.

Wawili hao walilazimika kupatana. Tarehe 24 Juni 1960, Bunge na Seneti walimchagua Kasa-Vubu kuwa raisi kwa kura 159 dhidi ya 43 za Jean Bolikango. Lumumba akawa waziri wa kwanza. Mapatano hayo hayakudumu hata miezi mitatu. Jeshi liliasi, Katanga ikajitenga, na tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza kupitia redio kwamba amemwondoa Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba raisi ameondolewa. Siku chache baadaye Kanali Mobutu aliwaweka wote pembeni, lakini Kasa-Vubu alibaki katika kiti chake. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Katika mashariki ya Congo, wengi hawajasahau hilo. Kwao jina la Kasa-Vubu linabeba uzito wa Septemba ile, na sifa yake ya Dendale haiwezi kuufuta. Huko Bas-Congo, leo Kongo Central, watu wanamkumbuka kama baba wa uhuru. Pande zote mbili zinazungumza juu ya mtu yuleyule.

Mwisho wa siasa yake ulikuja tarehe 24 Novemba 1965. Alikuwa amemwondoa Tshombe katika serikali mwezi wa Oktoba, Bunge likakataa Évariste Kimba aliyemweka mahali pake, na katika ugomvi huo Mobutu akachukua madaraka. Kasa-Vubu hakupigana. Alirudi kwao Mayombe, akaishi kimya chini ya macho ya utawala mpya. Alifariki Boma tarehe 24 Machi 1969. Mwaka wa 2010, inchi ilipofikisha miaka 50 ya uhuru, sanamu yake ilisimamishwa Kinshasa, katika komini inayobeba jina lake.

Kinachobaki

Wanaoomba viti vya komini leo, kuanzia Kadutu hadi Makiso, hawako katika hali ya 1957. Wanawake wanapiga kura na kuchaguliwa, vyama ni vingi, na hakuna Mzungu wa kutoa onyo. Lakini shida mbili za wakati ule zipo bado. Ya kwanza ni kura kutawanyika juu ya majina mengi kwa sababu hakuna anayetaka kumwachia mwenzake nafasi. Ya pili ni kushinda kwa kuhesabu watu wa kabila moja, kisha kushindwa kuongoza walio wengine.

Kasa-Vubu aliipata dawa ya ile ya kwanza. Alianza na watu waliomjua, akawapanga kwa miaka mitatu kabla ya kuomba kura, na alipopata kiti kidogo alikitumia kusema jambo kubwa. Dawa ya ile ya pili hakuipata, na inchi nzima ililipa. Mshauri wa komini wa leo anaweza kuchukua somo katika yote mawili, kwani barabara iliyomfikisha karani wa Mayombe kwenye uraisi ilianzia kwenye meza ya burgumestri, mbele ya watu waliokuja kuandikisha watoto wao.